Tuko Saba

Wageni wakisikia natoka Sumbawanga hucheka kwanza, kisha huniuliza nimekuja kwa basi au kwa ungo. Nimezoea. Huwa najibu kwamba ungo siku hizi umejaa abiria, sikupata nafasi, na mazungumzo yanaendelea. Ila utani mmoja siuwezi hadi leo, nao ni wa misukule. Mtu akianza kusimulia habari za watu waliozikwa kumbe hawakufa, wamefichwa ndani ya nyumba ya mtu, wamekatwa ndimi, wanalishwa pumba, mimi huinuka na kwenda kuangalia jiko hata kama halina moto. Wanangu wanadhani naogopa misukule. Naogopa kweli, lakini siyo hiyo.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Walanguzi waliokuwa wakikimbizwa na mgambo nilipokuwa shule ya msingi sasa walikuwa wanaitwa wafanyabiashara, na malori yao yalifika Pito, yalifika Milepa, yakinunua mahindi shambani kabla hayajakauka vizuri. Watu waliuza. Nani asingeuza? Tulikuwa tumetoka kupanga foleni kwa kipande cha sabuni, na ghafla sokoni kuna vitenge, redio, baiskeli, mabati yanayometameta. Jirani yetu aliezeka nyumba nzima upya, kihenge chake kikabaki na panya. Halafu mvua ikachelewa. Kule bondeni upande wa Mtowisa haikunyesha kabisa. Ilipofika Januari, Ufipa hii inayolisha mikoa ya watu ilikuwa inalala njaa chini ya mabati mapya.

Na njaa kwetu ni aibu kuliko wizi. Mama mwenye nyumba akiishiwa hasemi. Atawasha moto saa ya kupika na kuweka sufuria ya maji matupu, ili majirani waone moshi. Kwa hiyo kikundi cha parokia yetu kilipoanza kugawa unga na maharage kila Jumamosi, kazi ngumu haikuwa kuupata unga. Ilikuwa kujua nani hana.

Mjumbe wa kikundi alikuwa mama yangu. Goti lake likagoma, akanituma mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nashona nguo kwenye baraza karibu na soko, na nilikuwa mjuaji wa kutupwa. Nilipenda mistari iliyonyooka, ya nguo na ya daftari. Mwenyekiti wetu, mama mtu mzima aliyestaafu ukunga, aliliona hilo siku ya kwanza, akanipa daftari la majina.

"Binti, wewe utahesabu vichwa," aliniambia. "Kila kaya inataja iko watu wangapi, wewe unaandika. Katikati ya wiki unapita nyumbani kwao kuhakikisha. Kila kichwa, bakuli moja."

Bakuli lenyewe lilikuwa la bati, la bluu, limebanduka rangi pembeni. Tulisimama kwenye dirisha la stoo nyuma ya kanisa, mimi na daftari, mwenyekiti na bakuli.

Jumamosi ya pili akaja bibi mmoja. Mdogo wa umbo, kaniki imefuliwa mpaka imekuwa ya kijivu, mkononi kiroba kilichokunjwa vizuri. Alipofika dirishani hakusimama. Alichuchumaa chini, akapiga makofi taratibu, viganja vimebinuka kidogo ili sauti itoke nzito. Ndivyo wazee wetu wanavyomsalimu mtu wanayemheshimu, na hata wakifika nyumba wasiyoijua. Sisi vijana wa mjini tulikuwa tumeshaacha. Tulikuwa na mambo na poa zetu. Nikaona haya kupigiwa makofi na mtu mwenye umri wa nyanya yangu.

"Shikamoo bibi. Inuka tu. Mko wangapi nyumbani?"

"Tuko saba."

Foleni nyuma yake ikanyamaza. Si kupungua kelele, kunyamaza kabisa, mpaka nikasikia mwenyekiti akipumua. Bibi yule tulimjua wote. Alikaa mwisho wa mji, njia ya kwenda Pito, nyuma ya shamba la mikaratusi. Mume alimzika zamani. Binti yake pekee aliolewa bondeni, Mtowisa. Alikuwa anaishi peke yake.

"Saba, bibi?"

"Saba, mwanangu."

Nikaandika saba, nikaweka alama ya kuuliza pembeni. Mwenyekiti akampimia bakuli saba. Bibi akafunga kiroba, akapiga tena makofi, akaondoka. Mama aliyefuata kwenye foleni hakusogea mpaka mwenyekiti alipolifuta lile bakuli kwa kanga.

Siku mbili baadaye nilipeleka mahindi yetu machache mashineni. Mwenye mashine alikuwa mtu wa maneno mengi, nywele na kope zimejaa unga. Zamani ukikoboa mahindi pumba zilikuwa za bure, unajizolea. Miaka ile watu walianza kufuga nguruwe wa biashara, pumba zikawa mali, na yeye akazifungia ndani na kufuli.

"Ila kuna mmoja simnyimi," aliniambia. "Yule bibi wa mikaratusini. Anakuja karibu kila jioni na kikapu. Namjazia na simwambii kitu."

"Una huruma."

"Huruma gani? Naogopa." Akazima mashine ndiyo aendelee, jambo ambalo hakuwa akilifanya kwa ajili ya mteja. "Nguruwe hana. Kuku hana. Sungura hana. Sasa niambie, dada yangu, pumba zote zile anamlisha nani?"

Wanawake wawili waliokuwa wakisubiri wakatazamana. Hakuna aliyelitaja lile neno. Halikuhitaji kutajwa. Kila mtoto wa Sumbawanga anajua nani hula pumba. Nilibeba unga wangu kichwani na njia nzima nilikuwa nahesabu: bibi mmoja, na sita. Bibi mmoja, na sita.

Nilikwenda kuhakiki Jumatano, saa nne asubuhi. Nasisitiza saa kwa sababu watu wakisimulia mambo haya huweka usiku wa manane. Ilikuwa mchana. Ila ukungu ule wa Januari ulikuwa umeshuka, ule unaokaa kwenye nywele, na nilipofika kwenye mikaratusi sikuona mwisho wa shamba. Magome yaliyobanduka yalikuwa yananing'inia na kugongana. Nyumba ikatokea ghafla mbele yangu, ya tofali mbichi na nyasi. Uwanja ulikuwa umefagiliwa. Hakukuwa na moshi.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi hapa! Bibi!"

Ndipo makofi yakaanza. Yalitoka ndani, nyuma ya mlango, taratibu, mazito, yakipigwa pamoja. Si mikono ya mtu mmoja. Nikasema hodi mara ya tatu, sauti imeniishia, na makofi yakajibu tena, vilevile, kisha yakakoma. Hakuna aliyesema karibu.

Ningeweza kurudi. Lakini nilikuwa na daftari, na kwenye daftari kulikuwa na alama ya kuuliza. Mlango ulikuwa umeegeshwa tu. Nikausukuma kwa ncha ya kidole.

Walikuwa wamechuchumaa kwenye ukuta wa ndani, mstari mmoja, wadogo, wamekonda mpaka magoti yao yalikuwa makubwa kuliko mapaja. Niliona watano, au sita. Midomo yao ilikuwa myeupe. Weupe ule ulikuwa umepanda hadi mashavuni na kushuka kidevuni, mkavu. Macho yote yalikuwa kwangu. Hakuna aliyelia, hakuna aliyeshtuka, hakuna aliyesema neno. Yule wa mwisho upande wa mlango, msichana, akainua mikono yake na kuanza tena kupiga makofi, na wengine wakamfuata.

Nilikimbia. Sioni sababu ya kupamba. Nilikimbia kwenye mikaratusi nikigonga miti, ndala ya kushoto ikachomoka na sikugeuka. Nilifika barabarani napumua kwa mdomo, na bado nilikuwa nasikia makofi, ingawa nadhani yalikuwa magome.

Kesho yake asubuhi, nilipofika kwenye baraza langu kufungua cherehani, ndala ilikuwa juu ya kiti changu. Imeoshwa. Hata zile nyufa za kisigino zilizokuwa na tope la wiki nzima zilikuwa safi. Niliuliza wauza nyanya majirani zangu, hakuna aliyemwona mtu. Niliinyanyua kwa kijiti, nikaipeleka chooni, nikaitumbukiza, na ya kulia nikaitumbukiza vilevile.

Ijumaa nilikwenda kwa mwenyekiti. Nilimsimulia nikiwa nimesimama, sikutaka kukaa.

"Umewaona kwa macho yako?" aliniuliza.

"Kwa macho yangu, mama."

"Ukawasemesha?"

"Wangenijibu na nini? Hawana ndimi."

Alinitazama sana. Mwanamke yule alikuwa amepokea nusu ya watoto wa mji ule kwa mikono yake, na sidhani kama aliniamini. Lakini Jumamosi iliyopita watu wanne walikuwa wamekataa kupimiwa kwa bakuli la bluu, wakarudi nyumbani mikono mitupu na watoto wanawasubiri. Alijua foleni ikivunjika, imevunjika kwa wote. Mwishowe akasema, "Daftari unalo wewe, binti."

Nikachukua rula. Nikapiga mstari juu ya jina la bibi, umenyooka vizuri.

Jumamosi alikuja. Alichuchumaa, akapiga makofi. "Tuko saba," alisema.

"Jina lako halipo, bibi."

Nilitegemea aulize kwa nini. Hakuuliza. Alikaa vilevile chini, kiroba mapajani, akitazama miguu yangu. Nilikuwa nimevaa viatu vya kanisani.

"Ndala ilikufikia?" aliuliza.

Nilisema, "Anayefuata," na sauti iliyotoka sikuitambua. Bibi akainuka kwa kushika ukuta, akakunja kiroba chake mara mbili, akaondoka kupitia katikati ya watu waliompisha kwa hatua nyingi kuliko alizohitaji.

Hakuja Jumamosi iliyofuata wala ile nyingine. Foleni ilirudi kuwa na kelele zake, watu wakanisifu kwamba nina macho. Mimi nilianza kusumbuliwa na cherehani. Nikisukuma kwa miguu nilikuwa salama. Nikisimama kukata uzi, kabla gurudumu halijatulia, nilisikia makofi. Taratibu, mazito. Nikawa nashona bila kusimama, nikaharibu sare mbili za shule. Niliogopa kwamba wamenijua. Walijua kiti changu kilipo.

Aliyenitoa kwenye hofu ile na kunitia kwenye nyingine alikuwa mama wa Kisukuma, muuza maziwa. Familia yao ilikuja na ng'ombe kutoka kaskazini, wakaweka boma mbele kidogo ya mikaratusi ile. Alileta shuka lishonwe pindo. Alikaa kwenye benchi, akaweka kibuyu chini, akanitazama nikisukuma.

"Wewe si ndiye unayeandika kule kwenye unga wa kanisa?"

"Ndiye."

"Kwa nini mmewaruka watoto wa yule bibi?"

Nikaacha kusukuma. "Watoto gani?"

"Wajukuu zake. Wa yule binti yake wa Mtowisa." Alishangaa kwa mshangao wangu. "Baba yao alikufa, mama yao akafuata, kwa ugonjwa huu. Wenzao kule wakasema nyumba ina mkosi, wakawafungia kisima, wakataka kuichoma. Bibi akawafuata kwa miguu, akawapandisha huku. Sita. Tangu Desemba wako ndani."

Ugonjwa huu, siku zile, tuliuita kwa kila jina isipokuwa lake. Nilimwuliza mbona hawasemi.

"Amewakataza. Wakifungua mdomo watu watasikia lafudhi ya bondeni, wataulizana ni wa nani, maneno yatapanda mlima. Amewaambia mgeni akija wasitoe sauti."

"Na midomo?" Niliuliza hivyohivyo, kijinga. "Midomo yao myeupe."

"Kuni hana, dada, mikaratusi ile ni ya watu. Pumba wanabwia kavu."

Sokoni mtu alikuwa anapiga mnada wa mitumba. Nakumbuka alikuwa anataja koti. Nilikuwa na swali moja limebaki na sikutaka kuliuliza, lakini lilitoka.

"Mimi nilifika pale. Wakanipigia makofi."

Mama yule akacheka kidogo, akidhani natania. "Hata mimi nikipeleka maziwa wananipigia. Nilimwuliza bibi, akaniambia kwenu Wafipa ndiyo salamu. Amewafundisha, kwa kuwa mdomo wamekatazwa, wasionekane hawana adabu." Kisha akaona uso wangu, kicheko kikaisha. "Wewe Mfipa hukujua walikuwa wanakusalimu?"

Nilikunja lile shuka, nikalikunjua.

"Mkubwa wao, yule msichana, wamemzika juzi," alisema. "Mimi na bibi na mume wangu tu. Homa na tumbo tupu. Ndiye alikuja alfajiri kukuletea kiatu chako, mpole sana yule. Aliuliza watu mwenye daftari la kanisa anapatikana wapi, mpaka akaelekezwa kwa fundi wa nguo."

Kwa hiyo alikuwa amefungua mdomo. Aliukiuka mwiko wa bibi yake kwa ajili ya ndala yangu, na mimi nikaitupa chooni. Nililia pale barazani mbele ya watu, kamasi zikidondoka kwenye shuka la mteja, na sikuona aibu, maana aibu yote ilikuwa imeshatumika kwingine. Nilimchukia mwenye mashine, kisha nikakumbuka kwamba yeye kwa woga wake alitoa. Mimi kwa woga wangu nilinyima.

Nilimpitia mwenyekiti. Nilipomaliza kumweleza alifunga kanga kiunoni, akabeba unga wa nyumbani kwake, mimi nikabeba kuni. Ukungu ulikuwa umeondoka, mikaratusi ilikuwa miti tu. Kando ya uwanja uliofagiliwa palikuwa na udongo mpya, mfupi, na mawe matatu juu yake. Mwenyekiti alisimama pale muda mrefu. Alikuwa akisogeza midomo, sijui kama ni sala au alikuwa akikumbuka ni lini alimpokea mama wa mtoto yule.

"Hodi," nilisema.

Makofi yakaanza nyuma ya mlango. Yalikuwa mepesi zaidi kuliko siku ile, na nilijua kwa nini. Nikachuchumaa kwenye tope na gauni langu, nikapiga makofi kuwajibu, taratibu, viganja vimebinuka kidogo, kama nilivyofundishwa na nyanya yangu nikiwa mdogo nikasahau. Sikujua kama nina haki. Bibi akafungua mlango, akatutazama wote wawili, akasema, "Karibuni ndani."

Hakutulaumu. Ningependa angetulaumu.

Jumamosi alikuja na watoto wote, kwa mara ya kwanza hadharani. Mwenyekiti alikuwa ameshazungumza na watu, kwa ukali ambao mji haukuwahi kuusikia kwake, na foleni ilisogea kuwapisha wapite mbele. Sijui wangapi walisogea kwa huruma na wangapi kwa woga. Watoto walichuchumaa mstari mmoja chini ya dirisha. Mdogo kabisa, midomo yake safi, alimtazama bibi yake kuomba ruhusa, kisha akasema kwa lafudhi ya bondeni, "Shikamoo."

Nilimwomba mwenyekiti bakuli nipime mwenyewe. Ukurasa wa zamani niliuchana, nikaandika jina la bibi upya juu kabisa. Nikapima moja, mbili, tatu. Nilikuwa nimesimama kwenye kaburi lile kwa miguu yangu, nilijua hesabu, na bado mkono ulikwenda. Nne, tano, sita. Nikajaza la saba, nikalimimina kwenye kiroba, nikaandika saba kwenye daftari bila alama yoyote pembeni.

Bibi hakufunga kiroba. Aliinyoosha mikono yake, akalichukua bakuli la bluu mkononi mwangu, akachota unga kirobani mwake likajaa mpaka ukingoni, akausawazisha kwa kiganja. Kisha akaumimina tena kwenye gunia letu, polepole, usimwagike.

"Tuko sita, mwanangu," alisema. "Andika sita."